Eneo la Kuogelea Alilolichora Kinyozi

Kaka yangu ni kinyozi, na maji anayoyajua yeye ni yale ya kwenye chupa ya kupulizia vichwa vya wateja. Nasema hivyo mapema msije mkanilaumu kwamba nilimpamba. Mimi ni dada yake mkubwa. Nimembeba mgongoni, nimemfuta makamasi, na hakuna mwenye haki ya kumcheka kunizidi mimi. Chumba changu cha kushonea kimepakana na duka lake. Kati yetu kulikuwa na mlango, mchwa wakaula, tukaweka pazia. Akikohoa nasikia. Akidanganya pia nasikia.

Dukani kwake kuna kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, kalenda ya zamani ambayo haibandui kwa sababu anaipenda picha yake, na maandishi aliyoyapaka mwenyewe kwa rangi nyekundu: Ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Viti vya kunyolea ni viwili, kimoja kizima, kingine kinasubiri skrubu. Kando ya ukuta kuna benchi, na benchi hilo ndilo bunge la mtaa wetu. Wapo wabunge wenye vipara kabisa, hawana hata unywele wa kunyolewa, lakini hawakosi kikao.

Ugonjwa wa ramani aliletewa na mteja. Mwanafunzi wa upimaji ardhi alikaa kitini, na wakati ananyolewa akamwonyesha kwenye simu ramani isiyo na mwenyewe, inayochorwa na watu wa kawaida tu, kila mmoja akiongeza anachokijua kwao. Kaka akautafuta mtaa wetu. Akaukuta mstari mmoja wa kijivu, hauna jina, duka lake halipo, chumba changu hakipo.

"Yaani sisi hatupo?" akauliza.

"Jiweke basi," mwanafunzi akamjibu.

Akajiweka, na tangu siku hiyo hatukupata raha. Aliweka bomba la maji, duka la dawa, ngazi za kushukia sokoni, geti la nyuma la zahanati. Tukiwa msibani, watu wameshika tama, yeye yuko nyuma ya nyumba ya marehemu anapima upana wa kichochoro. Wifi yangu, yaani mkewe, alimwambia siku moja, "Mume wangu, wenzio wana vimada, wewe una vichochoro." Watu wakampa jina, wakamwita Ramani. Alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi wetu.

Simnyimi haki yake. Mama muuza mkaa alipozidiwa na uchungu wa kujifungua, gari la wagonjwa lilifika mpaka mlangoni kwake bila kumuuliza mtu, kwa sababu kaka alikichora kile kichochoro na kuandika kwamba gari linapita. Siku hiyo benchi zima lilisimama kumpa mkono. Alistahili. Lakini mkono ule wa pongezi ulimpanda kichwani, na kichwa cha kinyozi kikivimba hakuna wa kukinyoa.

Sasa, mji wetu uko ufukweni. Kutoka dukani mpaka mchangani pipi haijaisha mdomoni. Watoto wa hapa wanajua kuogelea kabla ya kujua kufunga vifungo. Kaka yangu hajui. Utotoni maji yalimtisha, ujanani akaona haya kujifunza mbele ya wadogo zake, na alipokuwa mtu mzima jambo lenyewe likageuka siri. Akialikwa baharini husema chumvi inamharibu ngozi. Sisi wa nyumbani tunajua, na tulimfichia, kama jamaa wanavyofichiana. Ufukwe huo hakuwahi kuukanyaga tangu alipoota ndevu.

Ndipo ikaja kazi mpya. Hao wachoraji wa ramani wana ukurasa wao wa mazungumzo, na humo walikubaliana kujaza jambo moja katika pwani zote: sehemu za kuogelea zinazolindwa na waokoaji. Mtu achore eneo, aandike kama waokoaji wapo, saa ngapi mpaka saa ngapi, na msimu gani, ili mgeni akifungua simu ajue pa kuingia na pa kukaa mbali. Ni kazi ya kuokoa roho za watu. Kaka akaona itakuwaje pwani za wenzake zipakwe rangi na ya kwao ibaki tupu.

Kwenda kuangalia, hakwenda. Alifungua picha iliyopigwa kutoka juu, ile ya setilaiti, akaikuza mpaka ikawa ukungu. Upande wa kusini wa miamba akaona watu wamejipanga mstari, wamevaa fulana za rangi ya chungwa. Mbao za kuokolea zimelazwa mchangani, boti ndogo inaelea karibu, na vichwa kadhaa viko majini. Akasema, hapa ndipo. Waokoaji wote hao watakuwa wanafanya nini kama hawalindi? Akachora mstatili wake mzuri, akaandika kwamba waokoaji wapo asubuhi mpaka jioni. Mahali pale pakageuka buluu.

Baadaye mchoraji mmoja wa nchi ya mbali akamwandikia kwa adabu zote. Alisema katika picha nyingine haoni kibanda cha waokoaji upande huo. Je, mwenzetu umefika penyewe?

Kaka alinisomea ujumbe huo akiwa ameliinua pazia kwa kiwiko, mashine ya kunyolea inanguruma mkononi. Halafu akanisomea na jibu lake: "Mimi ni mwenyeji wa hapa."

Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana ilikuwa mbaya. Kwa wachoraji hao neno la mwenyeji linaishinda picha. Mwenyeji akisema, mgeni ananyamaza. Yule bwana akaomba radhi, akashukuru kwa kusahihishwa. Kaka akacheka kwa raha. "Dada, wanataka kunifundisha kwetu!" Kisha akarudi kumalizia kisogo cha mtu.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alijifungua mwaka huo huo, akaja kukaa kwa wazazi wake kidogo. Mama mkwe wake akasafiri pamoja na mwanawe, mume wa binti, kuja kumwona mjukuu. Huyo nitamwita Bi Mkwe. Alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, mama mwenye mwili na sauti, na kwao kuna ziwa ambamo huogelea kila kunapopambazuka. Wifi alitoa vikombe vyote vya kabatini. Kaka alivaa shati la kola nyumbani, kitu ambacho sijakiona tangu harusi ya binti.

Asubuhi, tukinywa chai, Bi Mkwe akasema, "Mkwe, mimi sikuja kulea mjukuu tu. Nguo ya kuogelea iko kwenye mkoba. Bahari yenu inaingiwa wapi?"

Kaka akang'aa uso. Akatoa simu, akaipangusa kwa shati, akaiweka mbele yake kwa mikono miwili. "Mkwe, hapo umemfikia mwenyewe. Ogelea hapa penye buluu. Waokoaji wapo kutwa. Nimepachora kwa mkono wangu."

"Kumbe nimeoza mwanangu kwa wataalamu! Basi twende wote."

"Nina wateja, mkwe. Halafu chumvi na ngozi yangu haviivi chungu kimoja."

Wifi akaangalia chai yake. Mimi nikaangalia mkate.

Yaliyotokea huko nilihadithiwa na binti. Walifika penye buluu, wakatandika kanga mchangani. Bi Mkwe akauliza, hao waokoaji wako wapi? Binti akatazama simu, akatazama bahari. "Tuko ndani kabisa ya eneo, mama. Labda wamekwenda kula." Maji ya pale yalikuwa yametulia kuliko kwingine kote, mawimbi yakivunjika kulia na kushoto lakini si pale katikati. Mtu wa ziwani huyaona maji hayo akayapenda. Hajui kwamba pale ndipo maji yote yaliyoletwa na mawimbi yanaporudia baharini, na yakirudi hayarudi peke yao. Bi Mkwe akaingia, akaogelea kidogo, na alipogeuka kumpungia mjukuu akakuta mchanga uko mbali. Akapiga mikono kurudi. Kadiri alivyopiga, ndivyo binti alivyozidi kuwa mdogo machoni pake.

Waokoaji walikuwepo, ila walikuwa upande wa pili wa miamba, penye bendera zao mbili. Mkuu wao ni mwanamke ambaye mji mzima unamwita Kipenga, kwa sababu akipuliza kipenga chake hata watu wanaogombana sokoni huachana. Kwa darubini aliona mkono mmoja majini. Akapuliza, akachukua ubao, akakatiza juu ya miamba badala ya kuizunguka. Kwenye miamba akateleza, akaangukia bega. Akaingia majini hivyo hivyo, mkono mmoja ukining'inia. Alimfikia Bi Mkwe, akamlaza kifua kwenye ubao, akamshikilia mpaka boti ikaja.

Hospitali tuliikuta familia nzima kwenye varanda. Bi Mkwe alikuwa ndani, anatapika maji, hai. Binti alikuwa anafoka, mtoto begani, wauguzi wanamtuliza. "Waokoaji gani wanaacha eneo lao tupu? Ramani ya baba inasema wapo! Baba hakosei!" Mumewe, kijana mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, akasema wazi kwamba ataandika malalamiko manispaa, na mtu atawajibika.

Nikamtazama kaka. Alikuwa amesimama mbele ya tangazo la kunawa mikono, analisoma, analisoma tena, utadhani ni barua ya kwao.

Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza, "Ile buluu yako iko sawa?"

"Nimeshaifuta, dada." Aliifuta pale pale varandani. Hilo nililipokea vizuri, maana angalau mtu mwingine hataingia.

"Na sababu? Si huwa mnaandika sababu?"

Alinijibu tulipokwisha kupita duka la dawa. "Nimeandika waokoaji wamehama."

Kukosea kuchora, binadamu hukosea. Lakini kuwahamisha watu ambao hawakuwahi kukaa pale, ili kosa lako lionekane ni safari yao, hilo hata mimi lilinitia haya, na simu haikuwa yangu. Yeye mwenyewe haya zilikuwa zimemwingia mpaka kwenye mwendo. Alitembea akikwepa watu, na kila aliyemwita "Ramani!" alimwinulia mkono bila kumtazama.

Malalamiko yakaenda, yakiwa na picha ya ile ramani kabla haijafutwa, maana mume wa binti aliihifadhi. Manispaa ikamwambia Kipenga akae nyumbani mpaka kikao kiitwe, aeleze kwa nini eneo lililotangazwa lilikuwa halina mtu. Ikiamuliwa kwamba aliliacha, basi kazi hana. Nikamwambia kaka, "Sema."

"Nitasemaje mbele ya mkwe, dada?"

"Kwa mdomo."

"Atanionaje? Binti ataishije kwao? Watasema tulimpokea mama yao tukamtia baharini."

"Si ndivyo mlivyofanya?"

Akalishusha pazia. Nilimsikia upande wa pili anafagia nywele ambazo alikuwa ameshazifagia.

Siku zilizofuata zikawa hivyo. Nyumbani Bi Mkwe alikuwa ametoka hospitali, anakohoa, na kila akikohoa kaka anainuka kumletea maji ya moto, mpaka mama wa watu akamwambia, "Mkwe, kaa, utaninyima kazi ya kuugua." Alimhurumia. Alimwambia mbele yetu wote kwamba asijisumbue rohoni, si kosa lake kama waokoaji ni wavivu. Kaka akasema, "Ndiyo, mkwe." Alisema hivyo! Nikatoka nje nisije nikamtukana mtu mzima mbele ya wakwe zake.

Kisha akaja yule mteja. Ilikuwa mchana, benchi limejaa, mimi nina gauni la watu kwenye cherehani. Sauti ngeni ikaomba kunyolewa ndevu, ikasema ni dereva wa lori, huwa hakai mjini, safari hii amerudi kumuuguza mkewe. Nikasikia kiti kikilala. Nikasikia kaka anapiga povu.

"Mkeo anaumwa nini?" mmoja wa benchi akauliza, kwa ule umbea wao.

"Bega. Ndiye yule Kipenga wa ufukweni."

Niliinua pazia. Mtu amelala kitini, shingo nje, povu mpaka masikioni, na kaka amesimama juu yake na wembe. Wanaume wa benchi walikuwa wanaangalia sakafu. Kila mmoja alijua ramani ile ni ya nani. Kila mmoja alikuwa amempa mkono.

Dereva aliendelea, macho ameyafumba. "Bega litapona. Kinachomla ni jina lake. Eti kaacha eneo. Pale si eneo la kuogelea hata kidogo. Pale ndipo anapowafundishia vijana wake, kwa sababu maji yanavuta. Huwezi kujifunza kuokoa watu kwenye karai. Mara moja moja wanajipanga pale na fulana zao na boti, wengine wanajifanya wanazama, wengine wanawatoa. Wakimaliza wanaondoka, na wakimwona mtu anaogelea pale wanamfukuza. Sasa kuna mpumbavu mmoja kachora kwamba ndipo penye ulinzi. Sijui ni nani. Ningependa tu aje anieleze alikuwa amesimama wapi alipopaona."

Kaka hakuwa amesimama popote. Alikuwa amekaa kwenye kiti hicho hicho, na simu. Mkono wake ulibaki hewani na wembe, na kwenye kioo niliuona uso wake wote. Sijawahi kuuona uso wa mtu ukijichukia kiasi kile. Nilingoja aseme. Benchi lilingoja. Mzee mmoja mwenye kipara akakohoa makusudi kumfungulia njia.

Akamnyoa. Alimnyoa vizuri, polepole, chini ya kidevu na kando ya masikio, akampaka mafuta, akampangusa kwa taulo safi. Dereva akajitazama kiooni, akafurahi. "Una mkono mwepesi, kaka. Wanakuitaje hapa?"

Hakuna mtu aliyemsaidia. Kaka akasema, "Kinyozi tu."

Alipotoka yule dereva, wabunge nao wakaanza kukumbuka shughuli zao. Mmoja ana mgeni nyumbani, mwingine ameacha jiko linawaka. Wakaondoka mmoja mmoja, bila mzaha, na mtaani kwetu kuondoka bila mzaha ni matusi. Kaka akalala kifudifudi kwenye benchi tupu. Alilia kwa sauti niliyoijua tangu akiwa na makamasi. Sikumbembeleza. Nilimaliza gauni la watu, nikakata uzi, nikamwambia, "Kikao ni kesho. Mimi nitakuwepo. Usipokwenda, nitasema mimi, na nikisema mimi nitatia chumvi."

Alikwenda. Ukumbi wenyewe ni chumba cha manispaa chenye meza ndefu, feni inayozunguka kwa manung'uniko, na viti vya plastiki. Kipenga alikaa upande mmoja, bega limefungwa, amevaa sare yake safi ingawa alikuwa amesimamishwa kazi. Mumewe alikuwa karibu yake. Alipomwona kinyozi wake akiingia alimpungia mkono kwa furaha, akidhani amekuja kumuunga mkono. Upande wa pili walikaa binti, mumewe na Bi Mkwe. Ofisa akasoma malalamiko, akainua picha ya ramani, akamuuliza Kipenga kwa nini eneo hilo halikuwa na mwokoaji.

"Kwa sababu halikuwahi kuwa letu," Kipenga akasema.

"Lakini ramani—"

Kaka akasimama. Kiti chake kikaanguka nyuma, na hakukiinua. "Ramani niliichora mimi."

Binti akasema, "Tunajua, baba. Hukukosea, ni wao waliohama, kama ulivyoandika."

"Hawakuhama, mwanangu. Hilo niliandika nilipokuwa hospitali ili nisionekane. Niliwaona kwenye picha wakiwa mazoezini, nikadhani wanalinda. Mtu akaniuliza kama nimefika. Nikamjibu mimi ni mwenyeji. Sijafika. Sijafika pale tangu nikiwa kijana. Naogopa maji. Sijui kuogelea, na nilikuwa naona haya watu wajue. Ndiyo hivyo. Huyu mama hakuacha mahali pake. Aliumia akimtoa mkwe wangu mahali nilipomtia mimi."

Feni ilinung'unika. Mume wa binti aliiangalia barua yake kama kitu kilichomchafua vidole. Binti alimhamisha mtoto kutoka bega moja kwenda jingine, akageuza uso ukutani. Kaka aliona. Nadhani angechagua apigwe kofi. Yule dereva wa lori alikuwa amejishika shingo pale wembe ulipopita.

Ofisa, ambaye kwa wazi alikuwa anataka kwenda kula, akasema basi Kipenga arudi kazini na malalamiko yafungwe. Akamwambia kaka airekebishe ramani. Ndipo Kipenga akainuka, akamtazama kaka bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulibeba.

"Usichore chochote ukiwa umekaa," akamwambia. "Twende."

Tukashuka wote mpaka ufukweni, tukiwa na viatu vya kikao. Kipenga alitembea mbele. Akamwonyesha kaka bendera zake mbili, akamweleza kwamba kila asubuhi huyaangalia maji kwanza ndipo anazichomeka, leo hapa, kesho pale, na kwamba eneo lake halikai kwenye mstatili. Kama ni lazima achore, achore ufukwe wa upande huu na aandike watu waogelee kati ya bendera, popote zitakapokuwa. Kaka aliandika pale pale, akiwa amesimama. Kwenye sababu aliandika kwamba eneo la kwanza lilichorwa na mtu ambaye hakufika, na kwamba mtu huyo ni yeye.

Kisha Kipenga akatupeleka nyuma ya miamba, pale penye maji matulivu. "Vua viatu," akamwambia. "Mpaka magotini tu. Nataka ujue ulichokichora."

Kaka alisimama ukingoni, suruali ameikunja, miguu imepauka kwa kukosa jua, mbele ya wakwe zake. Hakuweza. Tulikuwa tunamwona wote kwamba hawezi. Ndipo Bi Mkwe akapandisha gauni lake, akaenda akamshika mkono. Wakaingia pamoja, mtu aliyenusurika kufa mahali pale na mtu aliyemwelekeza. Maji yaliporudi nyuma nikamwona kaka akivutwa mguu, akayumba, akaushika mkono ule kwa nguvu zake zote. Alianza kulia tena.

"Nisamehe, mkwe," akasema.

"La kuchora nimekusamehe," Bi Mkwe akasema. Sauti yake ya posta ilitufikia wote mchangani. "Ila nataka kukuuliza, unijibu ukweli. Kama ningekufa, ungesema?"

Kaka akafungua mdomo. Mimi nilijua jibu analotakiwa kulitoa, kila mtu pale alilijua, na lilikuwa jepesi.

"Sijui, mkwe," akasema.

Bi Mkwe akatikisa kichwa taratibu, akauachia mkono wake. Hakuuachia kwa hasira, aliuachia tu, akarudi mchangani, akampokea mjukuu kutoka kwa binti, na wote wakaanza kupanda kuelekea mjini. Kaka alibaki pale peke yake, maji yanamvuta magotini, na mimi dada yake, ninayemjua tangu anazaliwa, sikujua nimwite au nimwache.